Kamera Tatu na Picha ya Mama

Sib, Maskati
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Dada yangu mpenzi Khole,

Nimeshika kalamu tangu baada ya sala ya Alasiri, na kabla hata ya salamu nimejiwekea ahadi moja: barua hii itasema kila kitu, hata lile ambalo nikilifikia najua mkono utataka kusimama. Ukiona mwandiko umeharibika mahali, usidhani nimesahau nilivyofundishwa. Nimeinuka mara nne kabla ya kumaliza mistari hii, mara ya mwisho kwenda kuangalia kama mlango nimeufunga, nao nilikuwa nimeufunga.

Hujambo, dada? Shemeji Asaad hajambo? Na Nawar, ambaye mimi ni mama yake mdogo na sijambeba hata mara moja, meno yake yamefika mangapi? Ulisema anauma kila kitu, hata ukingo wa kitanda. Sisi huku hatujambo. Baba anaondoka alfajiri kwenda kazini Rusayl na anarudi na vumbi la ghala kwenye viatu, kama ulivyomwacha. Bibi analalamikia goti, anasema linaumwa kwa baridi ya kiyoyozi, na ni yeye anayekishusha hadi kumi na sita kila tukimpa mgongo. Mama mzima. Habari zake ni ndefu, nazo ndizo zilizonikalisha hapa.

Utajiuliza kwa nini barua, wakati simu yangu iko hapa pembeni na wewe ungenisoma sasa hivi. Ni kwa sababu kinachoingia kwenye simu kinaweza kufika kusikotakiwa, na sisi katika nyumba hii tunalijua hilo kuliko watu wengi. Ami Muatasim anasafiri kuja Unguja Alkhamisi, amekubali kukuletea bahasha bila kuuliza ina nini, na baada ya wiki mbili atarudi.

Mwezi wa tisa uliniomba kitu kimoja kwa siri. Ulisema Nawar unamwonesha picha ya Baba na ya Bibi, anazigusa kwa kidole, lakini ya Mama huna hata moja, kwani zote zilipotea na simu yako ya zamani. Ukasema hata ya mgongoni itafaa, hata ya mikono yake ikikanda unga. Nilikujibu inshallah, nikaweka simu kifudifudi, na usingizi haukuja. Unajua mwenyewe kwamba tangu harusi yako Mama hakubali kupigwa picha. Miaka mitatu sasa, isipokuwa ile ya kitambulisho, na hiyo alitaka apigwe na afisa mwanamke, kisha akarudi nyumbani akisema ametoka kama mtu aliyekamatwa mpakani.

Sipendi kukurejesha kwenye siku ile, lakini sina budi kuanzia hapo. Kwenye harusi zetu simu za wanawake hukusanywa mlangoni na kutiwa kwenye vifuko vyenye namba, ndipo watu huvua mabuibui yao na kucheza kwa raha. Wewe ulimwomba Mama marafiki zako wa chuo waachiwe simu zao, naye alikubali kwa ajili yako, ingawa shangazi zetu wote walinuna. Siku kumi baadaye ikatokea picha kwenye kundi la ukoo, kundi lenye akina ami na vijana wao wote: Mama katikati ya ukumbi, kichwa wazi, asumini kwenye nywele, mikono juu, anacheka. Aliyeituma ni binamu yetu Alaa, pamoja na rundo la picha nyingine, na alipobanwa alisema ametumiwa na mmoja wa rafiki zako. Mama alikwambia umemuuza kwa wageni wako. Wewe ukamjibu kwamba nani hasa ana haja ya kumtazama yeye. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikayasikia yote mawili. Ukaondoka, na Mama hakuja uwanja wa ndege.

Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda. Skuli yetu imeanzisha klabu ya picha, na Abla Bakhita, mwalimu wetu wa sanaa, alitaka kujua inunuliwe kamera ya aina gani. Akanichagua mimi nijaribu aina tatu, kila moja wiki moja, kisha niandike ukurasa wa ushauri. Mbele ya darasa alisema amenichagua kwa sababu Balqees huandika anachokiona na haongezi wala hapunguzi. Wenzangu walinipigia makofi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kamera ziliazimwa kwenye studio moja ya soko la Sib. Pale anafanya kazi Mkenya mmoja, jina lake Shiro, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mcheshi, Kiswahili chake cha bara kinanichekesha na changu kinamchekesha yeye. Akinisikia nasema skuli, huniuliza kama huko nako kunafundishwa masomo. Yeye ndiye anayetumwa kwenye kumbi za wanawake, kwa kuwa mwanamume haingii.

Wiki ya kwanza alinipa kamera kubwa, ile yenye kioo ndani. Nilifundishwa hivi: mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo, kioo kinaupeleka juu hadi kwenye jicho lako, kwa hiyo unaona kitu chenyewe na si picha yake. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha mwanga, kisha kinarudi chini, na hapo ndipo unaposikia kacha. Ni nzito. Siku ya pili shingo yangu ilikuwa na alama nyekundu ya mkanda, na Bibi akasema, “Nnaona tumepata mpiga picha wa serikali, tukae vizuri.” Lakini ni kamera ya kutegemewa. Nilimpiga picha paka wa msikitini, nilimpiga muuza halua akikoroga sufuria yake, nilimpiga Bibi mara hamsini, na betri haikupungua hata nusu.

Kwa Mama haikufaa kitu. Nilisimama kwenye ukumbi, yeye yuko jikoni amenipa mgongo, nikabonyeza mara moja tu. Kacha. Akainua mkono wenye unga akaficha uso bila hata kugeuka, akasema kwa sauti ya chini kabisa, “Balqees, mwanangu, si mimi.” Kwenye picha kuna mkono mweupe wa unga na ukuta. Nikaifuta.

Alkhamisi ya wiki hiyo Shiro alinichukua nimsaidie kwenye harusi moja huko Al Hail. Mama aliniruhusu, akaniuliza tu kama simu zinakusanywa mlangoni. Nikamwambia zinakusanywa. Ukumbini niliona jambo ambalo sikulitegemea. Kila Shiro alipobonyeza, ule mlio ulisikika hadi meza ya tatu, juu ya ngoma, na wanawake wasiotaka walivuta shela zao usoni kwa wepesi kama wanafukuza inzi, na waliotaka walijiweka sawa. Hakuna aliyegombana na mtu. Nilimwuliza kwa nini hatumii ile kamera mpya ndogo, maana mwenye studio amemnunulia tangu mwaka jana. Akanijibu, “Wacha nikwambie, hii kitu inapiga kelele kama mlango wa ofisi, lakini hiyo kelele ndiyo inanipea kazi. Hawa mama wakinisikia, wananiamini. Siku wakikosa kunisikia, khalas, nirudi Nyeri nikapige picha za ng’ombe.” Nililicheka hilo la ng’ombe. Lililobaki nilirudi nalo nyumbani, nikawa naligeuzageuza kitandani.

Wiki ya pili ilikuwa kamera ya mfukoni. Ni ile ndogo kama kipande cha sabuni, lenzi yake haibadilishwi, inajitokeza yenyewe ukiiwasha na kurudi ndani ukiizima. Inaingia kwenye mfuko wa sare bila kujulikana. Juani kioo chake cha nyuma, kile cha kutazamia picha, hakionekani, unapiga kwa kubahatisha. Ndani ya nyumba picha zinatoka na chembechembe kama mchanga, na ukitaka zisitoke hivyo lazima uwashe taa yake, na taa hiyo inampofua mtu. Haya yote niliyaandika vizuri kwa ajili ya Abla Bakhita. Nisichoandika ni kwamba Shiro alipotaka kunionesha panapozimwa milio yake, kidole changu kilikuwa kimeshafika. Baba alikuwa na ya aina hiyo hiyo, unaikumbuka, ya rangi ya fedha. Shiro akasema kumbe mimi ni mtaalamu. Nikamwomba ruhusa niondoke. Wiki hiyo sikumwelekezea Mama kamera hata mara moja. Kila siku nilisema kesho.

Wiki ya tatu nikapewa ile mpya, ambayo wauzaji wanaiita mirrorless, yaani haina kioo ndani. Kwa kuwa kioo hakimo, mwili wake umekuwa mdogo, lakini lenzi zinabadilishwa na picha zake hazipitwi kwa lolote na za ile kubwa. Kwenye giza la jioni yenyewe inaona kuliko macho yangu, na kabla ya kubonyeza unaiona tayari picha itakavyotoka, kama ni nyeupe mno au nyeusi mno. Ubaya wake ni betri, ambayo inakwisha kabla ya siku kwisha. Na ina jambo moja ambalo sijui niliite uzuri au ubaya. Unaweza kuiambia inyamaze, nayo ikanyamaza kabisa. Hakuna kacha, hakuna mtikisiko mkononi. Mwenyewe hujui kama umepiga mpaka utazame.

Alkhamisi ya tarehe thelathini nilirudi kutoka skuli mapema. Mlango wa chumba chako ulikuwa wazi kidogo na moshi wa udi unatoka. Mama alikuwa ndani. Ametandaza nguo zako ulizoziacha, lile gauni la kijani, ile nyeupe ya Idi, anazifukiza juu ya chetezo moja moja, anazigeuza upande huu na upande huu, kama mtu anayemvisha mtoto. Sisi alitwambia kila Alkhamisi anafukiza chumba kile kwa sababu ya nondo. Hakulia. Uso wake ulikuwa umetulia tu, unasubiri. Kichwa kilikuwa wazi. Kamera ilikuwa kifuani pangu, kioo chake cha nyuma nimekikunjua juu ili nitazame kwa chini. Nikabonyeza.

Hakusikia. Aliendelea kuligeuza gauni, kisha akaniona, akatabasamu, akaniuliza kama nimekula.

Dada, ile picha ilikuwa nzuri. Moshi umepita mbele ya dirisha, mkono wake uko kwenye kola ya gauni lako. Ungeiona ungepanda ndege siku hiyo hiyo. Nilikuwa na nia ya kukutumia kabla ya Magharibi. Lakini lile swali la kama nimekula halikunitoka. Aliniuliza mtu ambaye hajui kuwa nimemchukulia kitu, na mimi uso ule nilikuwa nimeshauona kabla.

Hapa ndipo mkono ulipotaka kusimama. Picha ya harusi yako niliipiga mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliingia na kamera ya Baba ndani ya kimkoba changu, na wale waliokuwa mlangoni walikuwa wanatafuta simu, nani angepekua kimkoba cha mtoto. Milio nilikuwa nimeizima mchana, kwa sababu Bibi alikuwa amelala. Nilimpiga Mama picha kwa kuwa sijawahi kumwona anacheka vile, na nilitaka niwe nayo mimi mwenyewe. Baada ya harusi nikairudisha kamera kabatini na kadi ndani yake. Alaa akaiazima kwenda pwani ya Qantab na wenzake, akazihamisha picha zote kwa pamoja, za pwani na za kabla yake, akazituma kwenye kundi bila kuchagua. Walipombana aliogopa, akalitaja jina la marafiki zako. Kesho yake alikuja kwangu akaniuliza tufanye nini. Nikamwomba anyamaze. Yeye ameshaolewa Suhari, nadhani amesahau. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango Mama akikwambia yale maneno. Ningeusukuma mlango ule, usingeondoka hivyo. Sikuusukuma.

Kwa hiyo sikukutumia picha ya pili. Nilikaa nayo siku mbili, sikai nikatulia, najiona nimelifanya jambo lile lile mara mbili, mara ya kwanza kwa utoto na ya pili kwa akili zangu timamu. Jumamosi nilimfuata Mama chumbani kwake nikamwambia yote, ya mwaka ule na ya Alkhamisi ile, na kwamba wewe uliomba picha kwa ajili ya Nawar. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nilete kamera. Akaitazama picha muda mrefu sana, mpaka kioo kikajizima na ikabidi nikiwashe tena. Akaniuliza panafutwa wapi. Nikamwonesha, na akaifuta kwa kidole chake mwenyewe. Kwa hiyo picha ile haipo tena, na hii niliyokuandikia ndiyo iliyobaki. Mama hakunikataza kukueleza, wala hakuniruhusu, na hilo pia linanisumbua.

Kisha akanyamaza. Siku sita, dada. Si kununa, kwani chakula alinipakulia na nguo aliniandalia, ila aliongea nami mambo ya chumvi na sabuni tu. Nilihesabu vigae vya ukumbini. Bibi alituangalia mmoja baada ya mwengine, akasema nyumba hii imekuwa kama chumba cha kungojea daktari. Siku ya tano nilimsikia Mama anamwambia Bibi, na nadhani alitaka nisikie, “Miaka mitatu nnamnyima Khole salamu kwa kosa la mtoto mwengine.” Bibi alimjibu kwamba na Khole naye ulimi wake si mfupi. Mama akasema, “Ulimi kaupata kwangu.”

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, akanijia na khanga yake ya zambarau kichwani, ameifunga vizuri, akaniambia nikaazime ile kamera yenye kelele. Nilikimbia hadi sokoni. Shiro ndiyo kwanza alikuwa anafungua studio, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akanitazama akanipa kamera, na mfuko wa kuibebea, na hakuuliza tena.

Mama alikaa kwenye kiti cha Bibi karibu na dirisha. Aliniambia nisibonyeze mpaka aseme. Akajipangusa uso, akaweka mikono magotini, akaiondoa, akairudisha, na mimi nilikuwa namwona kwa jicho langu kupitia kioo, yeye mwenyewe, si picha yake. Akasema haya. Kacha. Alishtuka kidogo, kisha akacheka kwa kushtuka kwake. Kacha. Akasema moja nyingine ya mwisho, na safari hii hakunitazama mimi, alitazama ndani ya lenzi kabisa, kama anamtafuta mtu humo. Kacha. Akasema tatu zinatosha.

Nilidhani atanipa ruhusa nikutumie papo hapo. Alikataa. Alisema picha haitoki nyumbani humu mpaka Khole ajue aliyeipiga ile ya kwanza, na ajue kwa maneno yangu mimi, si yake. Nilimwuliza kama atakupigia simu. Akasema hajui aanzie wapi. Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, akaniuliza paji la uso la mtoto limekaaje.

Ushauri wangu kwa Abla Bakhita nimeumaliza leo asubuhi, nikamtumia kwa simu. Nimeandika kwamba ya mfukoni klabu isiinunue, kwani simu zinafanya kazi hiyo hiyo. Ile kubwa ni nzuri lakini wasichana wa darasa la saba watachoka kuibeba. Inunuliwe ile ndogo isiyo na kioo, ila mlio wake uwashwe na asiwepo mwanafunzi wa kuuzima. Abla alisema sentensi hiyo ya mwisho haihusiani na ubora wa kamera. Nikamwomba aiache.

Mbusu Nawar kwenye hilo paji. Msalimie sana Shemeji Asaad na wote wa hapo Mbweni. Baba anakusalimu, hajui yaliyomo humu na nitamwambia kesho, nimeshaahidi. Bibi anakuombea dua kila sala, na amesema nikuandikie hivi hivi alivyosema: nnamngoja huyo kitukuu kabla goti halijanilaza.

Zile picha tatu zimo kwenye kadi, kadi imo ndani ya bahasha nyingine, na bahasha hiyo imo kwenye kabati la Mama ambalo ufunguo wake anao shingoni. Ami Muatasim atakuwa hapo kwenu hadi tarehe ishirini na saba. Mpe jibu lako mkononi, hata likiwa mstari mmoja, nami nitamngoja uwanja wa ndege. Nijibu hili tu, dada: bado unaitaka picha ya Mama, sasa unapojua kwamba mkono ulioipiga ni ule ule?

Mdogo wako,
Balqees